Alama Moja, Mkono Mmoja

Hebu mtazame anavyokuja. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, geti la shule bado lina mnyororo, mlinzi anapasha viganja joto kwa kikombe cha chai, na kwenye kona ya ukuta anatokeza mwanamke wa makamo, reki begani, futi ya kupimia imezungushwa shingoni kama mwingine anavyovaa skafu. Sasa itazame miguu yake. Anatembea huku midomo ikicheza kidogo, anahesabu. Akifika kumi na sita anaukanyagia mguu wa kushoto kwa nguvu kidogo, halafu anaanza tena moja.

"Leo hatua ngapi kutoka kwako, Mama Futi?" mlinzi anamuuliza.

"Zilezile. Barabara haijarefuka."

"Na miguu haijafupika?"

"Ya kwako ndiyo inafupika, kwa kukalia hicho kiti."

Mlinzi anacheka, mnyororo unalia, Mama Futi anaingia. Hivyo ndivyo asubuhi zao zinavyoanza, na sidhani kama yeyote kati yao angependa zianze vinginevyo.

Pale shuleni Mama Futi ni mtunza stoo ya vifaa vya michezo. Mipira, nyavu, koni, fulana za timu zenye harufu ya jasho la mwaka juzi, vyote viko chini ya funguo zake. Hiyo ndiyo kazi inayompa mshahara. Kufundisha watoto mruko mrefu hakuna aliyemwajiri. Alianza mwenyewe, siku alipoona mwalimu wa michezo anawaambia watoto "kimbieni kwa nguvu, mkifika rukeni", akashindwa kuvumilia.

Kabla ya kufungua stoo huenda kwenye shimo la mchanga. Anasimama. Mchanga ameusawazisha mwenyewe jana jioni, na uko vilevile alivyouacha, lakini yeye anaangalia upande wa kulia, hatua mbili ndani ya shimo. Hapo, miaka ishirini na sita iliyopita, aliona alama ya mkono: vidole vitano vilivyozama hadi kwenye viungo, vya msichana aliyeanguka ubavu. Tangu apewe funguo ameubadilisha mchanga wa shimo lile mara nane, lori kwa lori. Mkono haujaondoka. Anapitisha reki juu yake, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Ukitaka kumjua vizuri, njoo saa kumi alasiri, watoto wakiwa wameshabadilisha nguo. Mgeni hudhani atawaona wakiruka. Wiki tatu za mwanzo hakuna anayeruka. Mama Futi anamsimamisha mtoto juu ya ubao wa kurukia akiwa ameupa mchanga mgongo, kisha anamwambia akimbie kurudi nyuma alikopaswa kutokea, hatua kumi na sita, kama anaukimbia ubao. Mguu wa kumi na sita unapotua, Mama Futi anachoma kijiti. Mara tano, vijiti vitano. Anachukua cha katikati, anabandika utepe mweupe pembeni ya njia, anapima kwa futi kutoka kwenye ubao mpaka pale, anaandika kwenye daftari.

"Hapo ndipo nyumbani kwako," anamwambia mtoto. "Ukianzia nyumbani, ubao utakukuta wenyewe. Usiutafute kwa macho. Mtazame mtu aliyesimama ng'ambo ya shimo, mpe shikamoo kwa macho, ubao mwachie mguu."

"Na nikiukosa?"

"Ukiukosa tunazungumza na alama, hatuzungumzi na ubao. Hatua nne za kwanza polepole, unasukuma ardhi. Zinazofuata unainuka, unaongeza. Ya mwisho kabla ya ubao irefuke kidogo, ya ubao iwe fupi, ya haraka. Ukianza kukatakata hatua pale mwisho kama anayekwepa madimbwi, umeshaharibu."

Watoto wanampenda kwa sababu hapandishi sauti. Lakini kuna jambo moja linalombadilisha sura. Mtoto akiinama kuugusa utepe wa mwenzake, hata kwa kuunyoosha tu, Mama Futi hupiga kelele ambayo husikika mpaka madarasani. "Alama moja, mkono mmoja!" Watoto wameigeuza utani. Mmoja akichukua kalamu ya mwenzake darasani, wengine wanamzomea, "Alama moja, mkono mmoja!" Wanacheka. Hawajui wanachekea nini.

Sasa nikwambie kuhusu Kiberiti. Huyu ni binti wa mdogo wake Mama Futi, ana miaka kumi na mitano, na hilo jina alipewa kwa umbo lake dogo na namna anavyowaka ghafla. Mwaka jana hapakuwa na msichana wa kumfikia. Kisha ndani ya miezi minne miguu ikamrefuka, sketi zote zikapanda juu ya magoti, na hatua zake nazo zikarefuka. Alama yake ikabaki palepale. Matokeo unayajua hata kama hujawahi kuruka: hatua kumi na sita ndefu kutoka alama ya zamani zinaupita ubao. Kiatu kizima kinaupita. Na anayeupita ubao huinuliwa kibendera chekundu, mruko hauhesabiwi, hata angeruka hadi sokoni.

"Kiberiti kimelowa!" wenzake wakapiga kelele alipokosea mara ya nne katika alasiri moja ya mazoezi.

"Kianikeni juani!" mwingine akadakia.

Mama Futi akamwita kando. "Mwanangu, umekua. Alama inatakiwa irudi nyuma kiatu kimoja. Basi."

"Siwezi, mama mkubwa."

"Huwezi nini? Ni utepe tu."

"Mama amenikataza. Amesema alama ikishawekwa haisogezwi. Amesema yeye aliisogeza yake, na naona mwenyewe jinsi anavyotembea."

Mama Futi alimwangalia yule binti akirudi kwenye alama yake, akianza kukimbia, na pale mwishoni akauangalia ubao, akaanza kukatakata hatua ili asiupite, goti la kushoto likiyumba kila anapojizuia. La kushoto. Mama Futi akageuka akatazama stoo. Mashindano yalikuwa Jumamosi ya wiki ileile, wasichana watatu wa kwanza wangechukuliwa timu kubwa ya vijana. Lakini si timu iliyomtia hofu. Ni lile goti.

Hapa lazima nikurudishe nyuma, nawe univumilie.

Miaka ishirini na sita iliyopita, uwanjani hapohapo, aliyekuwa akiruka ni mdogo wake. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa, ndiye aliyekuwa akimshikia nguo na kumsimamia alama. Mdogo mtu alikuwa ameupita ubao mara mbili, kila mara kwa kiatu kizima. Ilibaki nafasi moja. Mdogo akaenda bombani kunawa uso. Dada akainama, akaubandua utepe, akaurudisha nyuma kiatu kimoja, akasema moyoni, akirudi nitamwambia. Palepale akaitwa mezani na mwandishi wa matokeo, namba ya fulana haikusomeka vizuri. Alikaa mezani dakika mbili, labda tatu.

Mdogo akarudi kutoka bombani. Hakuwa mjinga, naye alikuwa ameona amezidi kiatu kizima. Hakupima kutoka kwenye ubao, nani alikuwa na futi siku hizo? Alipima kutoka kwenye utepe aliouona, kwa kiatu chake, akaurudisha nyuma kiatu kimoja.

Kila mmoja alifanya sawasawa. Jumla yake ikawa viatu viwili.

Dada alipoinua kichwa pale mezani mdogo wake alikuwa ameshaanza kukimbia. Aliwahi kuhesabu kuanzia ya tano. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Ya kumi na sita ilipaswa kulia juu ya ubao, lakini ubao ulikuwa bado uko mbele. Mdogo akauona, akaunyoosha mguu kuufuata, ukatua ukiwa umenyooka kama nguzo, na mwili wote ukaja juu yake. Goti lilitoa sauti ndogo tu. Kisha ule mkono mchangani.

Hospitalini, siku ya pili, dada alikuwa amekaa kitandani kwa mdogo wake, maneno yakiwa ulimini. Mdogo akamtangulia.

"Dada, ni mimi. Niliisogeza alama. Ningeiacha palepale ningekuwa mzima."

Dada akafungua kinywa. Muuguzi akaingia na sinia ya dawa, akawaomba nafasi, akabadilisha bandeji, akatania kidogo, akatoka. Alipotoka maneno yalikuwa yameshashuka kooni. Nitamwambia kesho, akasema moyoni. Na kesho hiyo ndiyo imekuwa ikimfuata kila alfajiri kutoka kwake mpaka getini, hatua kumi na sita kwa kumi na sita.

Mdogo wake akawa fundi cherehani, na watu humwita Fundi tu. Chumba chake cha kushonea kiko mbele ya nyumba, dirisha moja, meza moja, na cherehani ya kukanyaga ambayo yeye huikanyaga kwa mguu mmoja wa kulia, wa kushoto akiwa ameunyoosha kwenye kigoda. Wateja wanamsifia kitu kimoja: nguo zake zina akiba kubwa ya kitambaa kwenye mishono. Ukinenepa, anakuachia. "Fundi huyu anatujua tunavyokula," wanasema. Yeye hutabasamu, anaendelea kushona.

Mama Futi anaishi ng'ambo ya ua. Na hili hajamwambia mtu yeyote: cherehani ya mdogo wake ina mkimbio. Inaanza polepole, inasukuma, inaongeza, inashika kasi, halafu inakatika ghafla. Mchana kutwa, siku zisizo za kazi, inamkimbilia namna hiyo kupitia ukutani, na kila inapokatika yeye hukaza goti.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, alitoka shuleni akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Akasimama mlangoni. Fundi alikuwa akishona namba kwenye fulana ya binti yake, pini tatu zimebanwa midomoni.

"Ingia basi, dada, au toka. Unaniziba mwanga."

"Mtoto anaupita ubao. Kiatu kizima."

"Apunguze mwendo."

"Akipunguza mwendo haruki, anachechemea. Ameanza kukata hatua. Goti linayumba. Alama yake irudi nyuma."

Cherehani ikakatika. Fundi akatoa pini mdomoni, zote tatu kwa pamoja, akazishika.

"Dada, nakuheshimu sana, lakini hilo usiniletee humu ndani. Mguu huu niliuvunja kwa mkono wangu mwenyewe. Mwanangu hasogezi kitu."

Sentensi hiyo Mama Futi alikuwa ameisikia mara nyingi mno. Fundi huwaambia wateja wakimuuliza, tena huku anacheka: niliuvunja mguu kwa mkono. Watu hucheka naye. Siku zote dada mtu hupata cha kufanya, hukunja kitambaa, huokota uzi. Siku ile palikuwa na uzi sakafuni. Hakuuokota.

"Hukuuvunja wewe."

"Sasa nani, jini?"

"Mimi."

Akamwambia. Hakutafuta maneno mazuri. Ulikwenda bombani, nikainama, nikasogeza, nikaitwa mezani. Fundi alikuwa akichoma pini kwenye kifuko chake cha pamba, moja, akiitoa, akiichoma tena palepale.

"Kiatu kizima?" akauliza mwisho.

"Kizima."

"Kutoka kwenye utepe."

"Kutoka kwenye utepe."

"Na mimi nikaja nikaongeza changu."

"Ukaongeza chako."

Fundi akatazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Kwa hiyo mimi nilipima sawa."

"Ulipima sawa kabisa, mdogo wangu."

"Unajua kwa nini naacha akiba kwenye mishono?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida, hilo ndilo lililotisha. "Watu wanadhani ni ukarimu. Nakipima kitambaa, napima tena, mkasi nikiushika najiambia huu mkono si wa kuaminika, ongeza inchi. Kila nguo, dada. Kila nguo niliyokata tangu siku ile."

"Nilitaka kukwambia..."

"Toka. Namalizia namba."

Mama Futi akavuka ua, akakaa chumbani kwake akisubiri cherehani ianze. Haikuanza. Jioni nzima alisikiliza ukuta, na ukuta haukumkimbilia, na kumbe hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumamosi uwanja ulijaa. Shule saba, ngoma za makopo, walimu wenye kofia. Kiberiti alikimbia mara ya kwanza, kibendera chekundu. Mara ya pili akakatakata hatua, akaupita ubao vilevile, chekundu tena. Kutoka kwenye ngazi za mashabiki mtu akapaza sauti, "Kimelowa hicho, tupeni!" Binti akaja akakaa kwenye nyasi, akafunika uso kwa fulana.

Hapo Mama Futi akazisikia. Hakuhitaji kugeuka. Hatua nzito, hatua ya kuburuta, hatua nzito, hatua ya kuburuta. Miguu ambayo haikuwahi kuingia uwanja ule kwa miaka ishirini na sita ilikuwa inakuja ikifuata njia ya kukimbilia, na mwamuzi aliyetaka kuizuia aliitazama mara moja tu, akasogea pembeni.

Fundi hakumsalimia dada yake. Alimwendea binti.

"Simama. Sogeza alama."

"Mama, si wewe mwenyewe..."

"Najua nilichokwambia. Nilikuwa sijui. Kiatu kimoja, nyuma. Na usipimie kwenye utepe. Pima kwa futi, anzia kwenye ubao."

Akageuka. Akaivuta futi shingoni kwa dada yake bila kumwangalia usoni, ikateleza polepole kama inayoagana na ngozi.

"Umeigusa alama leo?"

"Sijaigusa."

"Kaa mbali. Mikono nyuma."

Na Mama Futi, mtunza stoo, mwalimu wa watoto wote wale, akaweka mikono nyuma mbele ya uwanja mzima kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Watoto wake walimwona. Hakuna aliyecheka. Mmoja, nadhani, alianza kusema yale maneno ya utani, alama moja, mkono mmoja, yakaishia njiani.

Binti alipima kuanzia ubao. Alibandika utepe mwenyewe, akaukanyaga kwa kisigino. Akasimama hapo, akavuta pumzi, akaanza. Nne za kwanza polepole, anasukuma ardhi. Mama Futi anahesabu, na pembeni yake, kwa mara ya kwanza, anasikia mtu mwingine akihesabu kwa kunong'ona. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Macho ya mtoto hayakuwa kwenye ubao, yalikuwa ng'ambo ya shimo. Kumi na nne. Kumi na tano, ndefu kidogo.

Ya kumi na sita ililia juu ya ubao.

Kibendera cheupe. Alikuwa wa tatu, kwa sentimita mbili tu, na wasichana wenzake wakamrukia wakapiga kelele kwamba Kiberiti kimekauka. Wakati wa kutua alikuwa ameegemea kulia, akajizuia kwa kiganja, na pale mchangani, hatua mbili ndani ya shimo, palikuwa na vidole vitano vilivyozama. Mtu wa reki akaja kusawazisha. Mama Futi alipiga hatua moja kumzuia, kisha akasimama, akamwacha afanye kazi yake.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Binti alikuwa mbele na wenzake, anasimulia mruko wake kwa mara ya kumi, kila mara ukizidi kurefuka. Dada wawili nyuma, mwendo wa yule mwenye goti. Futi ilikuwa bado mkononi mwa Fundi, anaizungusha kidoleni, anaizungusha kinyume.

"Dada," akasema walipofika ukuta wa shule, "nina swali moja. Nijibu ukweli, halafu sitakuuliza tena."

"Uliza."

"Huyu mtoto angekuwa anaruka vizuri tu, hajakwama popote, ungeniambia?"

Mlinzi aliwapungia mkono, hakuna aliyemwona. Mama Futi alitembea huku midomo ikicheza. Alihesabu kumi na sita nzima, na mguu wa kushoto ulipotua akafungua kinywa.

Wewe unadhani alisema nini?